Kufufua Peugeot 504 Nyumbani Malindi: Mwongozo wa Kazi Kuanzia Chumvi Hadi Rangi

Gari lililoegeshwa miaka kumi Nakuru na gari lililoegeshwa miaka kumi Malindi hayafanani, hata kama yalitoka kiwandani siku moja. La Nakuru utalikuta na vumbi, panya kwenye viti na betri iliyokufa. La Malindi utalikuta na uso mzuri na mifupa iliyoliwa, kwa sababu upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, chumvi huvuta unyevu, na unyevu ukishakaa ndani ya bati lililokunjwa huendelea na kazi yake bila kungoja mvua. Anayetaka ushahidi na atazame chini ya malori yanayobeba chumvi kutoka Gongoni, hasa pale chesisi inapokutana na bodi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na injini, ingawa najua kwamba mwenye gari la kale hutamani kuisikia ikinguruma kabla ya jambo jingine lolote. Utaratibu ninaoupendekeza kwa sisi wa pwani ni huu: kwanza maji na chumvi, pili kutu, tatu breki na injini, na rangi mwisho kabisa. Nilipolifufua gari langu la kwanza niligeuza utaratibu huo, nikapaka rangi nikiwa sijafungua vizingiti vya chini ya milango, na masika moja tu yalitosha kuinua rangi mpya kama ngozi iliyoungua. Kazi ya miezi minne niliirudia yote.

Mfano nitakaoutumia ni Peugeot 504, ambalo wengi wetu tunaliita Pijo tu. Lilizinduliwa mwaka 1968, likatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na liliunganishwa hapa hapa Kenya, kiasi kwamba hadi leo mafundi wenye umri wanalijua kwa mkono. Mengi nitakayoyasema kuhusu kutu, waya na rangi yanafaa pia kwa Land Rover za Series, Datsun na Volkswagen. Yale yanayohusu injini nitayataja kuwa ni ya 504 pale yanapohusika nalo peke yake.

Kulikagua kabla ya kulinunua

Nenda asubuhi, nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba, bisibisi yenye mpini mgumu, tochi na nguo ambayo huoni tabu kulalia chini. Pitisha sumaku juu ya madigadi, sehemu ya chini ya milango na ukingo wa magurudumu ya nyuma. Mahali inaposhika kwa ulegevu au isiposhika kabisa, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti hiyo mara nyingi hakuna bati. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi vizingiti vilivyo chini ya milango: bati zima hutoa mlio mkavu, bati lililooza hutoa mlio mzito, na lililokwisha humwaga unga wa kutu chini.

Kwenye 504 kuna mahali pengine ambapo mnunuzi asiyejua hunaswa. Fungua boneti utazame kwa makini pale ambapo vichwa vya shokamzoba za mbele vimefungwa kwenye bodi, kwa sababu uzito wote wa mbele hukaa hapo. Inua zulia la mbele na uguse sakafu kwa kidole. Ikiwa imelowa, chunguza mpira wa kioo cha mbele, ambao ndio mlango mkuu wa maji. Toa tairi la akiba na kagua sakafu ya buti, kisha uangalie kona zake zote kwa tochi. Gari ambalo sehemu zake zinazobeba uzito zimeoza, yaani vizingiti, vichwa vya shokamzoba na viungo vya magurudumu ya nyuma, liache hata kama bei yake inashawishi, maana injini mbovu hurekebishwa kwa spea na subira, ilhali bodi iliyooza humaliza pesa kabla hujafika kwenye injini.

Mwisho linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye logibuku. Ukikusudia baadaye kubadilisha rangi au injini, mabadiliko hayo hayana budi kusajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ni rahisi zaidi kuyasajili kwa gari ambalo karatasi zake zilikuwa safi tangu mwanzo.

Mahali pa kufanyia kazi

Banda la makuti ni zuri kwa kuhifadhi gari. Hewa hupita, joto hupungua, na gari halitoki jasho usiku kama linavyotoka ndani ya gereji ya mabati au chini ya turubai la plastiki. Turubai la plastiki ni adui: hufungia unyevu ndani, jua likipanda unyevu huo hugeuka mvuke, na jioni mvuke huo hurudi kuwa maji juu ya bati. Ukitaka kulifunika gari, tumia kitambaa cha pamba kinachopumua.

Lakini banda hilo hilo la makuti haliruhusiwi kabisa kuwa mahali pa kuchomelea wala pa kusaga chuma. Cheche moja ya mashine inaweza kulala ndani ya ukuti nusu saa kabla ya kuwaka, na mji huu unajua vyema moto wa makuti unavyoruka kutoka paa hadi paa. Siku ya kuchomelea, lisukume gari nje, mbali na paa na uzio, uondoe tangi la petroli na kuliweka mbali, na uwe na ndoo mbili za mchanga na kizima moto karibu. Halikadhalika, usiliegeshe chini ya mnazi, wala chini ya mkorosho, ambao utomvu wake huacha alama katika rangi.

Jambo la pili la usalama ni la mawe. Hapa kwetu matofali ya matumbawe yapo kila ua, na nimeona watu wakiyapanga mawili mawili chini ya gari kisha wakaingia kulala chini yake. Jiwe la matumbawe lina matundu ndani na hupasuka ghafla pale uzito unapobana mahali padogo, wala halitoi ishara. Tumia stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kama sakafu yako ni mchanga, ziweke juu ya ubao mpana na mnene wa mbao ngumu. Jeki ni ya kuinulia. Usiitegemee kushikilia gari wakati mtu yuko chini.

Maji na chumvi

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni kuosha, na namaanisha kuosha mahali ambapo hapajaoshwa tangu gari lilipotoka kiwandani. Osha kwa maji matamu ya bomba au ya mvua. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo maji yake ni ya magadi au ya chumvi, na kuyatumia kuoshea gari ni sawa na kulipaka chumvi kwa brashi. Ingiza mpira wa maji ndani ya matundu ya vizingiti, ndani ya madigadi, ndani ya sehemu zinazokusanya matope nyuma ya taa, na uache maji yatiririke hadi yatakapotoka safi. Kwenye gari langu la pili niliosha vizingiti siku mbili mfululizo, na siku ya pili bado nilikuwa nikitoa mchanga mweupe wa ufukweni.

Wakati maji yanatiririka, tazama yanatokea wapi. Chini ya kila mlango, kwenye vizingiti, chini ya kioo cha mbele na ndani ya buti kuna matundu madogo ambayo kiwanda kiliyaweka makusudi ili maji yatoke. Matundu haya yakizibwa na matope, majani ya mwarobaini au puti ya fundi asiyejali, mlango hugeuka kuwa birika. Yazibue yote na uyachore kwenye daftari, kwa sababu utayarudia maisha yote ya gari hilo.

Kisha toa zulia, viti na sufi zote za sakafuni, na uache gari likauke kwa siku tatu au nne za jua likiwa na milango wazi. Ukiwa unalifungua, piga picha kila kitu kabla ya kukitoa, weka bolti za kila sehemu katika mfuko wake wenye jina, na usiamini kwamba utakumbuka. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

Kutu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe.

Kutu iko ya namna tatu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni ya juu, wekundu tu kwenye uso wa bati. Hiyo hutolewa kwa brashi ya waya na msasa namba 80, kisha 120, hadi chuma kibaki na mng'ao wa kijivu. Ya pili imechimba vishimo vidogo ambavyo msasa haufiki ndani yake. Isugue kadiri uwezavyo, kisha paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia, na uifuate kama maelezo ya chupa yanavyosema, hasa kuhusu kuosha na kukausha. Ya tatu ni ile ambayo bisibisi hupita ndani. Hiyo haina dawa ya kupaka. Hukatwa hadi kufikia bati zima, na bati jipya huchomelewa mahali pake.

Kwa viraka vya bodi bati la geji 20, ambalo ni takriban milimita 0.9, linatosha, kwa vizingiti na sehemu zinazobeba uzito tumia geji 18, takriban milimita 1.2. Kata kiraka kwa umbo la tundu, kona zake zikiwa za mviringo. Mashine ya vijiti, ambayo mafundi wengi wa jua kali huwa nayo kwa ajili ya mageti na madirisha, hutoboa bati jembamba la gari. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, umlipe kwa siku, na ukae naye. Mwambie asichomelee mstari mzima kwa mkupuo mmoja, bali aweke nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, aache bati lipoe, kisha arudi katikati, la sivyo joto litalikunja bati na hutalinyoosha tena. Kabla hajaanza, tenganisha betri na waya za alternata.

Ikiwa kizingiti chote kinakatwa, milango iwe imefungwa mahali pake na gari lisimame sawasawa kwa stendi, ama bodi itajikunja na milango haitafunga tena. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili.

Kuna mzee mmoja fundi wa bodi ambaye nilimwendea nikiwa na kiraka nilichokisafisha tangu asubuhi ili nimuulize aina ya praima. Alikitazama, akapitisha kidole, akaniambia, "Mwanangu, hiki umekichelewesha. Asubuhi kilikuwa chuma, saa hizi kimeanza kuwa kutu." Nilipokitazama vizuri niliona umanjano mwepesi ambao sikuuona mwanzo. Tangu siku hiyo kanuni yangu haijabadilika: bati lililosafishwa asubuhi hupakwa praima kabla ya adhuhuri, na usisafishe eneo kubwa kuliko lile utakaloweza kulipaka siku hiyo hiyo. Vaa glavu safi, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi na alama ya vidole hujitokeza chini ya rangi baada ya miezi. Futa bati kwa kitambaa kilicholoweshwa thina, liache likauke, kisha paka praima ya epoksi au yenye zinki. Praima ya kawaida ya kijivu hunywa maji. Ukiiacha wazi wiki mbili bila rangi juu yake, hewa ya Malindi itapita ndani yake hadi kwenye chuma.

Puti hupakwa juu ya praima ya epoksi iliyokwisha kukauka na kuparuzwa kidogo, na unene wake usizidi milimita 3. Puti nene hupasuka, na ufa wake hunywa maji.

Baada ya hapo huja hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani. Wenye majahazi hapa pwani hawakuacha chombo kikae bure: walikipandisha, wakakikalafati, yaani wakaziba nafasi za mbao zake, wakapaka deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu, kisha wakakishusha, na mwaka uliofuata wakarudia. Gari la chuma linahitaji adabu hiyo hiyo. Ndani ya vizingiti, ndani ya milango, ndani ya mihimili ya chini, nyunyiza nta maalumu ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, au, ukiikosa, changanya grisi na oili safi ya injini, uichemshe kidogo juu ya maji ya moto mbali na mwali hadi ilegee, kisha uinyunyize. Usitumie oili chakavu iliyotolewa kwenye injini. Ina asidi na masizi, na huchafua ardhi ya ua unaochezewa na watoto. Ukishanyunyiza, hakikisha matundu ya maji bado yako wazi.

Breki kabla ya injini

Gari lisiloweza kusimama halina haja ya kwenda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na hewa yetu ina mwingi, hivyo yaliyokaa miaka mingi huwa yameshakula silinda za magurudumu kutoka ndani. Badilisha mipira yote, mabomba yote ya mpira, na mabomba ya chuma yanayoonyesha vishimo, kisha jaza mafuta mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Baada ya hapo yabadilishe kila miaka miwili, bila kujali umeendesha kilomita ngapi.

Tairi zitazame tarehe. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka kumi litupwe hata kama meno yake ni mapya.

Kuiamsha injini

Usigeuze ufunguo. Injini iliyolala miaka huenda ikawa na kutu nyepesi kwenye silinda, na stata ikiilazimisha ringi huvunjika. Toa plagi zote nne, mimina vijiko viwili vya oili katika kila silinda, na uiache usiku mzima, au siku tatu ukihisi ugumu. Kisha tia spana kwenye nati ya puli ya chini na uizungushe kwa mkono, taratibu, mbele kidogo na nyuma kidogo, hadi izunguke mizunguko miwili kamili bila kukwama.

Kwa 504 kuna onyo moja ambalo limewagharimu watu injini. Slivu zake, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hukaa ndani ya maji moja kwa moja na hushikiliwa na mkazo wa silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) peke yake. Ukitoa hedi kisha ukazungusha injini, slivu huinuka, gasketi ya chini huachia, na maji huingia kwenye oili. Kwa hiyo hedi ikishatoka, funga slivu kwa vipande vya chuma na bolti kabla ya kuigusa injini, au usiizungushe kabisa.

Badilisha oili na filta. Oili ya 20W-50 ya kawaida inafaa injini hii na joto letu. Giaboksi ya 504 nayo hutumia oili ya injini, haitumii ile nzito ya difu, na kosa hilo ndilo husababisha gia kuwa ngumu asubuhi. Rekebisha pointi za distribyuta ziwe na nafasi ya milimita 0.4 na plagi milimita 0.6. Ukirudisha waya za plagi, kumbuka kwamba Peugeot huhesabu silinda namba moja kutoka upande wa klachi, tofauti na magari mengi ya Japani, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Nafasi za valvu, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.10 kwa za kuingizia na 0.25 kwa za kutolea.

Tangi la petroli limwage lote. Petroli ya miaka mingi hunuka kama vanishi na huacha gundi ndani ya kabureta. Fungua kabureta, loweka vipande vyake katika dawa ya kusafishia, puliza vijitundu kwa hewa, na uweke filta mpya ya petroli inayoonekana ndani, ili ujue tangi linatoa kutu kiasi gani. Madini ya risasi yaliondolewa kwenye petroli Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na wenye magari ya kale wengi bado huliogopa jambo hilo. Hedi ya 504 ni ya alumini na viti vya valvu zake ni vya chuma kigumu kilichopachikwa, hivyo hofu hiyo ni ndogo kwake. Ni kwa injini zenye hedi ya chuma ambayo viti vimechongwa ndani yake moja kwa moja ndipo unapopaswa kupima nafasi za valvu mara kwa mara, maana zikianza kupungua ni dalili kwamba kiti kinaliwa.

Nikirudi kwenye maji: hedi ya alumini na slivu za chuma zikikaa pamoja ndani ya maji ya kisima ni kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Jaza redieta kwa kulanti, dawa ya maji ya redieta, iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, au maji safi ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Feni ya 504 hushikwa kwa sumaku ya umeme injini inapopata joto, na umeme huo hupita katika burashi ndogo ya kaboni ambayo huisha. Gari likichemka kwenye foleni ya mjini na kupoa barabarani, anza kwa kukagua burashi hiyo na swichi yake kabla ya kulaumu redieta.

Waya

Nusu ya matatizo ya umeme katika magari ya pwani ni ya ardhi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi. Unakuta taa hafifu, stata inayovuta kwa uchovu, geji inayocheza. Fungua kila kiungo cha ardhi, sugua hadi chuma na shaba ing'ae, funga tena kwa nguvu, kisha paka vaselini juu yake. Ndani ya kisanduku cha fyuzi sugua vishikio hivyo hivyo. Waya ambao shaba yake imegeuka kijani au nyeusi ukiukata usiufunge kwa utepe. Endelea kukata hadi ufike shaba ya rangi yake, na uweke waya mpya.

Rangi

Viti, zulia na kromu sitavieleza sana. Washonaji wa viti wako mjini na kazi yao ni safi, ila waambie wasirudishe zulia kabla sakafu haijakaa wiki mbili bila unyevu.

Rangi ndiyo inayotaka kujua majira. Masika usipake. Kipindi kizuri ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, lakini upepo wa mchana huleta vumbi na chumvi, kwa hivyo kazi ianze baada ya umande kukauka na iishe kabla upepo haujapanda. Osha bati kwa maji matamu, likauke, lifutwe kwa thina, na mwagia ardhi maji dakika chache kabla ya kupuliza ili vumbi lilale.

Rangi ya selulosi inafaa nyumbani kwa sababu husuguliwa na kurekebishwa kwa urahisi. Tatizo lake hapa ni unyevu: ikipulizwa hewa ikiwa nzito, hukauka na weupe kama ukungu juu yake. Ukiuona, acha, subiri siku kavu, na utumie thina inayokauka polepole. Rangi ya maji mawili, ile inayochanganywa na kigumishi, hung'aa zaidi na hustahimili zaidi, lakini kigumishi chake kina isosayaneti, ambayo hudhuru mapafu na barakoa ya kitambaa haiizuii. Hiyo mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia na hewa ya kupumua ya bomba. Usiipulize uani kwenye nyumba yenye watoto na majirani.

Pakaza tabaka nyembamba nyingi, suguza kati yake kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600, na tabaka la mwisho baada ya wiki kadhaa lisuguliwe kwa 1200 na 2000 kabla ya kung'arishwa. Nta ipakwe baada ya rangi kukauka kabisa.

Kulitunza baada ya hapo

Lioshe kwa maji matamu kila wiki, na siku za kusi kali, povu la bahari linapofika hadi barabarani, lioshe mara mbili, chini na juu. Usilipeleke ufukweni hata mara moja kwa ajili ya picha. Liendeshe kila wiki hadi Gede na kurudi, takriban kilomita 30, ili oili ifikie joto la kutosha kukausha unyevu ulio ndani yake; kuliwasha dakika tano uani na kulizima huongeza maji kwenye oili na kwenye ekzosi. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au kila mwaka, chochote kitakachotangulia.

Kabla ya masika, inua mazulia, kagua mpira wa kioo cha mbele na mipira ya milango. Baada ya masika, lala chini yake na tochi, ukione kila kikwaruzo kilichofika kwenye chuma, ukisugue na kukipaka siku hiyo hiyo. Mwezi wa Novemba, kabla kaskazi haijaanza, nyunyiza tena nta ndani ya vizingiti na milango.

Na kila baada ya wiki mbili, chukua daftari ulilochora matundu ya maji, uchomoe chelewa moja katika ufagio, na uipitishe ndani ya kila tundu. Chelewa haikwaruzi rangi kama waya, hupinda inapokutana na kona, na ikitoka imelowa wakati hakujanyesha, ujue kuna mpira mahali fulani juu yake ambao umeachia. Utafute siku hiyo.